Posa Kutoka Kampala

Barua ya chuo kikuu ya kunikubali ilikaa siku kumi na tisa ndani ya sanduku la bibi yangu, imefungwa kwenye leso, imefukizwa udi, na mimi mwenyewe sina habari. Siku zote hizo nilishinda dirishani, roho juu, nikimtazama tarishi wa Posta anavyoupita mlango wetu kana kwamba haupo.

Bibi alikuwa mama wa mama yangu. Wazee wangu walitangulia mbele ya haki nikiwa mdogo, akanilea yeye pale Mkunazini, kwenye nyumba ya ghorofa yenye ngazi mbovu na majirani wanaojua chungu chetu kina nini leo. Miaka ile ya hamsini, chuo kikuu kwetu maana yake Kampala, na Kampala maana yake wavulana. Kila mwaka waliondoka wachache, wakisindikizwa bandarini kwa dua na machozi. Msichana akimaliza masomo aliambiwa ualimu unamtosha, ashukuru. Mimi sikushukuru. Nina kichwa kigumu, nimezaliwa nacho. Mwalimu wangu wa kike, tuliyemwita Bi Mwalimu, alinisaidia kujaza fomu, na pale palipotakiwa jina la mlezi tukaandika la Bibi. Ndiyo sababu barua ikaenda mkononi mwake, siku ambayo mimi nimetumwa sokoni, isije kwangu.

Bibi alikuwa amehitimu Kurani na aliandika vizuri kwa herufi za Kiarabu, lakini za kizungu hakuzijua. Aliipeleka barua kwa jirani yetu, karani wa bandarini, naye akamsomea: mjukuu wako amekubaliwa, wanataka jawabu lako wewe mlezi kabla ya mwezi kwisha. Maskini karani, hakukosea hata neno. Lakini Bibi aliona nini? Watu wa mbali wanamtaka mtoto wake, wameleta barua, wanangoja jawabu. Jambo hilo kwetu lina utaratibu wake. Posa haijibiwi siku ileile. Barua huwekwa, wakubwa wakaitwa, wakaulizana hao watu ni akina nani, na mwari haambiwi kitu mpaka neno limeiva. Anayejibu mbio mbio huonekana alikuwa anatafuta pa kumtupia mtoto.

Basi Bibi akapeleka salamu Chwaka kwa kaka yake, mkubwa wa ukoo, na Bububu kwa binamu zake. Kisha akatulia.

Nikaanza kuona mambo. Mabinamu wa Bububu wakaja na mabuibui yao, wakanywa kahawa, wakala halua, wakanong'ona. Nikiingia, kimya. Mmoja akanitazama toka utosini mpaka kwenye kandambili, akasema, "Mashaallah, ameshakuwa." Mimi si mjinga. Nikajua chuo kimenikataa na sasa naozwa. Nikasusa chakula. Nikawa nabamiza milango.

"We mke mwenzangu," Bibi akinitania, "milango hiyo imekukosea nini?"

Nikaubamiza na wa jikoni. Hebu fikiria, mtu aliyenilea kwa mikono yake.

Siku ya kumi na tisa Bi Mwalimu akapiga hodi. Aliamkia, akakaribishwa mkekani, na kahawa haijamfikia akasema, "Bibi, mbona jawabu hamjapeleka? Wameniandikia mimi kuniuliza. Kesho kutwa mwezi unakwisha, nafasi anapewa mwengine."

"Ntawajibu, mwanangu, kwa nini nisiwajibu?" Bibi akasema, hana wasiwasi. "Kaka yangu wa Chwaka bado hajaleta neno. Tena mposaji wa kweli husubiri."

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, masikio yamenisimama. Nikatoka mbio.

"Bibi, umenimaliza!"

Sijapata kumpandishia sauti kabla ya siku ile. Nilisema na mengine, kwamba ananionea wivu, kwamba anataka nizeekee jikoni kama yeye. Hata leo nikiyakumbuka natamani ardhi ipasuke niingie. Bi Mwalimu alinikemea kwa jicho, lakini maji yameshamwagika.

Bibi hakunigombeza. Alikwenda kwenye sanduku lake, akaitoa ile leso, akaifungua fundo kwa fundo. Barua ilinuka udi.

"Mimi," akasema, akimtazama Bi Mwalimu na si mimi, "niliposwa asubuhi, posa ikajibiwa kabla kahawa haijachemka. Nilipofika kwa watu, kila nikilia wakinambia, lia mwana lia, kwenu walikutoa kama kapu la taka. Miaka sita nnalisikia neno hilo. Huyu nlitaka huko anakokwenda wajue katolewa na watu."

Nilikaa palepale sakafuni. Nilikuwa nimeishi na mwanamke huyu miaka yote na sikuwa nikimjua. Bi Mwalimu akamwambia taratibu kwamba huko Kampala hawajui kusubiri, na kwamba sasa kilichobaki ni telegramu tu. Bibi akavaa buibui lake. Nikataka kufuatana nao, akanizuia.

"Wewe kaa. Mwari hajipeleki mwenyewe."

Wakaenda Posta, Shangani, mimi nikabaki naosha vikombe huku nalia. Waliporudi, Bi Mwalimu alikuwa akijifuta macho na kucheka pamoja. Akanambia neno la kukubali ameliandika yeye kwa Kiingereza ili wafahamu, lakini mengine Bibi aliyasema kwa Kiswahili, na karani wa Posta alipomshauri ayapunguze, akaambiwa maneno ya kutolea mtoto hayapunguzwi. Maneno yenyewe hakunambia. Na Bibi nilipomuuliza akanijibu, "Ya wakubwa hayo."

Usiku ule nilimbusu mikono nikamwomba radhi. Nikamweleza kwamba nilidhani amenitafutia mume.

"Mume?" akasema. "Nani akutake na ulimi huo!"

Siku tatu zikapita, hatuli tukashiba. Ya nne jawabu likaja: nafasi ipo. Na alasiri yake babu wa Chwaka akaingia na tungo la samaki, jasho linamtoka. "Nimeulizia kila mahali," akasema, "hao watu wa Kampala hakuna anayewajua. Wanasali?"

"Umechelewa kaka," Bibi akamwambia. "Nshamtoa."

Nikapanda meli hadi Mombasa, kisha gari moshi siku mbili, mchana na usiku. Nilikuwa sijawahi kulala pasipo kusikia adhana. Siku ya kujiandikisha nilisimama kwenye mstari mrefu wa wavulana, nawaza nirudi. Zamu yangu ilipofika, mama mmoja wa Kiganda aliyekuwa karani pale alifungua faili langu, akanitazama juu ya miwani, akatoa karatasi.

Neno la kwanza, lile la Kiingereza, walilielewa, akanambia kwa lugha hiyohiyo. Mengine wameulizana ofisi nzima, huyu anasema hivi na yule vile. Je, ni sharti? Mlezi wangu anadai kitu?

Nikaipokea ile telegramu, nikayasoma yale ya Bibi.

"Mtoto tumekupeni. Ana wenyewe. Mkimchoka msimtese. Turudishieni."

Machozi yakanitoka mbele ya wavulana wote wale, wala sikuyafuta. Wazo la kurudi lilikuwa limeniondoka. Yule mama akaniuliza tena maana yake ni nini.

"Ni bibi yangu," nikamwambia. "Anasema mimi nina kwetu."