Gurbaba ya Mama na Majibu Yangu

Nikisimulia hili hadi leo natazama chini, kwa hiyo mkicheka chekeni mapema, maana mwishoni sidhani mtaweza.

Mama alipofariki simu yake ilibaki kwangu, na duka la tarizi kule Kabalagala likawa linatuma ujumbe: "Mama Swaibu, gurbaba yako iko tayari. Jibu 1 kama unakuja, 2 kama tuendelee kukuwekea." (Gurbaba ni ile nguo ya kujifunga ya mama zetu Wanubi, alipeleka yake itariziwe kwa ajili ya harusi ya dada.) Ningeandika tu kwamba amefariki, yakaisha. Lakini hapakuwa na mwingine aliyekuwa bado anamwita kana kwamba yuko jikoni, basi nikabonyeza 2, na papo hapo likarudi: "Sawa, tunakuwekea." Mashine, nikajisemea, mimi niliyemcheka shangazi kwa kuujibu ujumbe wa mashine ya benki "asante wanangu".

Ujumbe ulipokuja tena nikaandika, kwa kujaribu tu, "Nina homa kidogo." Jibu lilichelewa, kisha: "Pole Mama, umekunywa dawa?" Nikaona kweli mashine hii wameifunza adabu, nikaendelea, kila mara nikizidisha: nimelazwa, uji wa hospitali haushuki, Swaibu hali chakula vizuri na ananificha. (Ndiyo, nilijiandika mwenyewe, kama mama angeniandika.)

Siku ya arobaini, nyumbani Luzira, turubai limefungwa, dua imeisha, baba (askari magereza mstaafu, si mtu wa mchezo) anapokea pole za majirani, wakaingia wanawake wawili na chupa ya uji na mfuko.

"Asalamu alaikum, mzee. Sisi ni wa duka la tarizi. Tumekuja kumwulizia mgonjwa, hapa alituelekeza mwenyewe alipoleta gurbaba; naona mmemfanyia na dua."

"Mgonjwa gani, binti?"

"Mama Swaibu. Jana ameniandikia."

"Jana?" jirani akadakia. "Huyo mama tumemzika, wewe."

 Yule dada wa duka, asionekane mwongo, akatoa simu akamsomea baba moja baada ya nyingine, mpaka hapo pa Swaibu hali vizuri, na macho yote yakanigeukia.

"Si wewe ulinicheka mimi na benki yangu?" shangazi akasema, ila bila furaha.

Sasa najua inavyokwenda: ukijibu 1 au 2 mashine inamaliza yenyewe, lakini ukiandika maneno yanaangukia kwenye simu ya mtu, naye anayasoma, anaumia, anakupikia uji.

Baba alinyoosha mkono, nikampa simu ya mama. Nilisubiri kofi. Akausoma ule wa mwisho.

"Ulisema mama yako anaumwa," akasema. "Si ungesema amepona."

Kisha akamimina ule uji, akaunywa amesimama, gurbaba aliyoitoa kwenye ule mfuko ikiwa begani mwake.

Tangu hapo siandiki neno kabla ya kujiuliza nani yuko upande wa pili. Kesho yake niliwaandikia duka kwa jina langu, kwamba mama alishafariki, aliyekuwa akijibu ni mimi, wanisamehe. Nilikaa na simu mkononi mpaka nikakata tamaa, ndipo ikalia.

"Pole Swaibu. Umekula?"

Hilo nililijibu kwa ukweli: bado.