Nyumba ya Mlango Mmoja

Baba alikuwa na kikohozi kisichokuwa na ugonjwa. Alikianza akiwa bado kwenye ua wa minyaa, akakirudia karibu na jiko, akakirudia tena mlangoni, kikavu na kirefu, na ndani ya nyumba nyanya yangu mzaa mama akajitupia leso kichwani na kugeukia ukuta. Ndipo baba akapita upesi kwenda chumbani, macho chini, kama mtu anayekatiza nyumba ya wenyewe. Nilikuwa na miaka tisa, na kikohozi hicho ndicho sauti ninayoikumbuka zaidi kutoka nyumbani kwetu Kalama msimu ule wa mvua.

Sisi Wakamba heshima hiyo tunaiita nthoni. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja wala hawagusani. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Heshima si utumwa, walisema wazee, lakini wazee hao walikuwa na maboma yenye nyumba nyingi. Sisi tulikuwa na vyumba viwili na mlango mmoja. Susu, kama tulivyomwita nyanya, aliletwa kwetu baada ya mvua kuangusha ukuta wa nyumba yake. Wanawe wa kiume walikuwa Mombasa, kimya. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Susu alilishika jembe siku ya kwanza, maana alijua kwamba pasipo kwetu hakuwa na pengine. Mama naye alijua, na hofu yake ilikuwa moja tu: kwamba usumbufu wa ile heshima ungemshinda mmoja wao, na mamake arudi kulala kwenye nyumba iliyobomoka.

Na usumbufu ulikuwapo, tena wa kila saa. Redio ilikuwa sebuleni alikolala Susu, kwa hiyo baba alisikiliza habari akiwa nje, amejikunyata chini ya dirisha huku matone ya paa yakimwangukia shingoni. Bati lilivuja juu ya kitanda cha Susu, na baba, fundi wa ujenzi anayeitwa hadi Konza, hakuweza kupanda kuliziba mpaka Susu aende kanisani. Wakikaribiana kwenye njia ya choo, Susu alitimkia kwenye kunde za mama na kuzikanyaga, kisha mama akanigombeza mimi. Kwa nini mimi? Kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa barabara yao. “Mwende, ambia susu yako napita.” “Ambia baba yako apite, nimeangalia ukuta.” Nilichoka. Kuna siku nilitamani wote wawili wawe viziwi.

Ilikuwapo njia ya kuiondoa nthoni: baba atoe mbuzi na kumpa Susu blanketi, wazee wakiwa wameketi. Susu aliikataa. Alisema amezeeka na heshima yake na hataivua sasa kwa sababu ya mvua. Basi baba akaamua kumjengea chumba chenye mlango wake. Alifyatua matofali na kuyapanga nyuma ya jiko, akayafunika kwa nyasi. Mvua ikapita kwenye nyasi na kuyarudisha udongo. Alifyatua mengine. Mama alikuwa akienda kuyagusa kila asubuhi.

Asubuhi moja mama alikuwa ameenda sokoni Machakos mjini. Susu aliteleza kwenye tope mbele ya bafu la mabati, nami nikamvuta mkono mpaka akalia. Baba alikuja mbio kutoka kwenye matofali yake, akasimama ghafla, akatugeuzia mgongo.

“Mwende, muulize ameumia wapi.”

“Mwambie ni kiuno.”

“Muulize kama naweza kuja.”

“Mwambie aite wanawake.”

Baba alikimbia hadi kwa majirani akarudi peke yake. Walikuwa wamekwenda mazishini, wote. Mvua ikaanza tena. Lisilobudi hutendwa. Alileta blanketi la kitanda chake na kunirushia bila kugeuka. “Mfunike. Kichwa na yote.” Nilipomaliza alikuja, akamwinua Susu kama mzigo wa kuni uliolowa, akambeba hadi ndani. Nilimsikia akisema, “Mama, nisamehe.”

Kuanzia siku hiyo Susu hakugeuka kutoka ukutani, hata baba akiwa kazini. Isyo ya mama, yale mahindi na maharagwe aliyoyapenda, ilipoa kwenye sahani. Mpwa wake alipokuja kumwona, alimwomba amrudishe kwenye nyumba yake iliyobomoka, na mama alilia mpaka akapiga magoti, lakini Susu alishaamua. Alipelekwa na kiuno chake kibovu. Alikufa kabla ya mahindi kukomaa. Baba alikijenga kile chumba hata hivyo, matofali yalipokauka, na tukaweka humo magunia. Kwa miaka mingi mama alikuwa akimwuliza baba, kwa hasira isiyo na pa kwenda, angefanya nini kingine siku ile, na baba alikuwa akimrudishia swali hilohilo.

Leo naishi Syokimau, katika nyumba yenye milango ambayo sina haja ya kuihesabu. Mama huja kukaa nami anapokwenda kliniki. Mume wangu, mtoto wa mjini, humshika mkono: “Sasa, mathe? Uko fiti?” Mama hucheka akiwa ameziba mdomo. Mara ya kwanza nilifurahi hadi machozi, nikijua kwamba hakuna atakayemfunika mama yangu blanketi usoni. Baba hakuwahi kuiona sura ya Susu, lakini alijua ni goti lipi linalomuuma, na alijua asubuhi ambazo hakumaliza uji. Mwezi uliopita mama alisema anakwenda kuangalia kuku wake, akafunga mfuko mapema kuliko tulivyokubaliana. Sikumbishia. Siku chache baadaye mume wangu alikuwa akitazama mpira, akapunguza sauti kidogo, kwa wema kabisa, akaniuliza, “Mathe ameshalala?” Ilikuwa Alhamisi. Mama alikuwa ameondoka Jumapili. Nilimwambia ndiyo, amelala.