Saa ya Muzee wa Depo

Muzee wa depo ya Rubona, pale wanauzia boti za zamani, alikuwa na kidole gumba yenye haitulii. Akiongea, inapita pole pole pale mbao za boti zinakutana, inakandamiza, inarudi, sawa vile mama anapakaa mutoto mafuta. Sauti yake ya padri. "Boti ililala kwenye kivuli tangu vita, miaka ine sasa, mwana wangu. Haikuonja hata mvua." Alimuambia Gad, mwenye alikuja kununua, hivyo mara tatu, na mara tatu akafuta saa yake na shati. Moteri aliiwasha ndani ya pipa ya maji, ikanguruma vizuri, Gad karibu acheke. Ng'ombe ya mama yake, ile ya mwisho kule Mudende, ilikuwa imeuzwa ili anunue hii boti.

"Bon, muzee. Hapa mwenye kuuza anapanda wa kwanza. Twende mpaka katikati ya ziwa."

"Twende, sha," muzee akajibu. Halafu akavua saa, akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka juu ya jiwe, mbali na maji.

Kama boti haiingize maji, saa inaogopa nini? Damu ikamupanda Gad kichwani. Akapitisha kucha kati ya mbao mbili: ikatoka sabuni, nyeupe, laini, na nyuma yake tundu.

"Miaka ine mbao zinakauka, we unaziba na sabuni! Ningezamisha watu wenye nitapeleka soko!" Akaokota saa, akaifunga yeye mwenyewe kwenye mukono ya muzee. "Vaa, papa. Tunaenda na saa yako."

Kidole gumba ikatulia.