Koti Jeupe la Mitumba

Msinicheke kabla sijamaliza. Baridi ya Lushoto ndiyo iliyonifanya ninunue koti jeupe, refu, kwenye mitumba, nikalivaa kwenda semina kwenye ukumbi wa hospitali. Mimi ni mkulima wa kabichi wa Vuga. Niliitwa kama mgonjwa wa tumbo aliyewahi kulazwa hapo, nijifunze kufanya utafiti pamoja na wataalamu. Barua ilisema humo ndani sote tutakuwa sawa.

Mlangoni mzee mwenye mvi akaniinamia. "Shikamoo, daktari."

Mwenye akili zake angeshtuka. Mimi nikajisemea, kumbe usawa wenyewe ndio huu, nikaitikia marahaba bila haya! Nikapelekwa meza ya mbele, kwenye chai ya maziwa na maandazi.

Mtafiti mkuu, mama mmoja mwenye miwani, akauliza kwa nini wagonjwa hawasemi ukweli wakifuatwa majumbani. Madaktari wakakuna vichwa. Nikasimama, mkono mfukoni mwa koti.

"Mnamuuliza mtu habari za choo mbele ya mama mkwe wake! Hata akiwa anakufa atasema hajambo. Mchukueni pembeni, mumuulize akiwa peke yake na kabichi zake."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Yule mama akayaandika maneno yangu ubaoni, akasema kuanzia leo ndio utaratibu. Kichwa kikanivimba.

"Asante sana, daktari. Unatokea hospitali gani?"

"Hii hii ya hapa," nikajibu kwa fahari. "Wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani."