Babu wa Ndani ya Begi

"Mama, yule babu wa ndani ya begi langu leo amenisalimia njiani."

Binti yangu alisema hivyo huku anavua viatu vya shule, kama mtu anayekwambia kwamba mkate umepanda bei.

Nilikuwa nakata kitambaa. Mkasi ukaniponyoka.

"Babu gani?"

Akafungua begi lake, akalipanua mdomo, akanyoosha kidole. "Huyu."

Jamani, nilihisi nywele zinasimama moja moja. Yule aliyemnyooshea kidole alikuwa marehemu.

Ngoja niwaeleze, msije mkadhani nimerukwa na akili.

Mimi naitwa Dufie, nina kibanda changu cha kushonea na kulala Bantama, hapa Kumasi. Nashona mikoba, mapazia na mikeka kwa vitu ambavyo wenzangu wanatupa. Jinzi zilizochanika, visoda, mifuko ya maji ya kunywa, mabaki ya kitenge kutoka kwa mafundi. Wasichana wa chuo wananigombea, maana kwa hela ya chipsi na kuku wanatoka wamependeza na hakuna aliyevaa kama wao.

Lakini mali ghafi yangu kubwa ni mabango ya misiba.

Hapa kwetu mtu akifa, uso wake unapanda kwenye kila ukuta na kila nguzo. Bango la turubai, rangi kali, "Ameitwa Nyumbani", jina, umri, orodha ya wajane na wajukuu. Mazishi yakiisha, hakuna anayekumbuka kuyashusha. Kuna kijana mmoja mpanda nguzo, Ntim, yeye ndiye ananiletea. Turubai lile halipitishi maji, halichaniki, mkoba wake unadumu hata miaka mitano.

Sharti langu ni moja tu. Uso wa marehemu unatazama ndani. Nani atatembea na uso wa mfu begani sokoni?

Sasa huyu binti yangu ana jina la Sumina. Kwa lugha yetu, jalala.

Mnacheka. Hata mimi zamani ningecheka.

Kabla yake nilizaa wawili. Wa kwanza aliondoka siku ya sita, hata jina hajapewa. Mama yangu akanivalisha nguo nyeupe, akanipikia supu ya karanga, akaniambia, "Kula, usilie. Huyo alikuwa mgeni tu, ukimlilia atazoea kuja na kuondoka." Nikala. Ile supu hadi leo siwezi kuinusa. Wa pili alifika miezi minne.

Wa tatu alipozaliwa, mama hakunipa hata nafasi ya kumnyonyesha vizuri. Alimchukua akaenda kumlaza juu ya jalala la mtaa. Jirani akajifanya anapita, akamwokota, akatuuzia kwa senti. Ndivyo wazee wetu wanavyokidanganya kifo. Kikija kumchukua mtoto mpendwa, kikute uchafu tu, kikunje pua, kipite.

Kwa hiyo mwanangu amekulia kwenye takataka, na ninasema hivyo kwa fahari. Shuka lake vipande arobaini vidogo. Pazia lake visoda. Godoro lake limejazwa mabaki ya cherehani. Kazi hii yote ninayoitangaza mtandaoni ilianzia kwenye kitanda chake. Nilikuwa naficha mtoto, watu wakaona urembo.

Na begi lake la shule nililishona kwa bango la msiba.

Bango lenyewe lilikuwa jipya kabisa, sijui kwa nini lilitupwa mapema vile. Halijapigwa jua, halina hata tone la tope. Mzee mmoja mwenye kipara na masikio makubwa, amevaa kitambaa cheusi, anatabasamu. Nikamgeuzia ndani.

Na sasa alikuwa anamsalimia mwanangu barabarani.

"Alikwambia nini?" Nilipiga magoti mbele yake.

"Aliniuliza jina langu."

"Ukamwambia?"

"Si umesema nisiwe na kiburi kwa wakubwa? Nikamwambia."

Mungu wangu.

Kwetu kila mtoto anajua. Kuna wafu hawaendi. Wanahamia mtaa mwingine au mji mwingine, wanakula, wanafanya kazi, hadi mtu wa kwao awatambue. Na mfu akikuuliza jina ukampa, umempa kamba ya kukuvuta.

Usiku huo Sumina akapata homa.

Mama yangu aliposikia habari ya begi, alinitazama mpaka nikatamani ardhi ipasuke.

"Wewe Dufie, mtoto tumemficha miaka saba, halafu unamfungia mfu mgongoni?"

Begi tukalifunga kwenye shuka jeupe, tukalining'iniza kwenye dari la kibanda. Nilitaka kulichoma, mama akakataa, akasema utamuua marehemu mara ya pili halafu atakuja na hasira. Yeye akafunga safari kwenda kijijini kumleta mtu anayejua mambo hayo.

"Mtoto asitoke mlangoni mpaka nirudi," akaniambia. "Wala usimpeleke hospitali! Homa ya namna hii ikichomwa sindano, anakufa palepale."

Mimi nimesoma hadi sekondari. Nilijua ile si kweli. Lakini ukishazika wawili, ujuzi wako unakuwa mdogo sana. Niliogopa, basi. Niliogopa kutoka, nikaogopa kukaa, nikaogopa hata kufumba macho.

Asubuhi nikamlaza chini ya meza ya kukatia nguo, ili niwe namwona. Alikuwa anawaka. Akawa anaongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu.

Nje, jirani yangu Abrafi alikuwa anapakua wali wa kunde kwa wateja wake. Abrafi mdomo wake haukai.

"Dufie, leo hufungui redio? Au mume wa mtu kakukimbia?"

Nikaendelea kumkanda Sumina kwa kitambaa chenye maji.

Kisha nikamsikia ananyamaza ghafla. Abrafi hanyamazi. Nikainua kichwa.

Sufuria likaanguka. Wateja wakatawanyika, mmoja ameacha kandambili, mwingine amekimbia na sahani ya watu. Abrafi mwenyewe, na ule mwili wake, aliruka mtaro.

Marehemu alikuwa amesimama mlangoni kwangu.

Kipara kilekile, masikio yaleyale. Ila hakuwa anatabasamu.

"Hodi," akasema.

Nikarudi nyuma, mgongo ukagonga cherehani.

"Nimesema hodi. Namtafuta Sumina."

Nilichukua mkasi. Sijui nilitaka kumchoma nini mtu aliyekwisha kufa. "Hapa hakuna mtu wa jina hilo," nikasema, sauti inatetemeka kama ya mbuzi.

Kutoka chini ya meza, mwanangu akaita, "Mama, mimi nipo."

Nikaanguka magotini. Sioni aibu kusema. Nililia, kamasi na machozi, nikamshika mzee yule ncha ya nguo, nikamwita Nana, yaani babu.

"Nana, nichukue mimi. Wawili umeshawachukua. Huyu niachie. Nichukue mimi, Nana, mimi nimeshaishi."

Mzee akaichomoa nguo yake mkononi mwangu. Halafu akasonya, msonyo mrefu wa kikwetu.

"Nikuchukue nikupeleke wapi? Nyumbani kwangu nina wake wawili na wote wakali. Mama, nipe maji. Nimetembea toka sokoni, hakuna dereva anayetaka kunipakia."

Nilimpa mfuko wa maji. Akaung'ata pembe, akanywa wote, akafuta kipara kwa kiganja. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi shingoni.

Nikaliangalia lile jasho. Mfu anatoka jasho?

"Lile begi liko wapi?" akauliza.

Nikaonyesha juu. Akalishusha mwenyewe, akafungua shuka, akaligeuza ndani nje.

"Soma."

"Nini?"

"Jina. Huyu kwenye picha ni nani?"

Nilisoma. Marehemu Opanyin, yaani Mzee, Yaw Boadu.

"Mimi si Boadu. Boadu alikuwa fundi saa wa Tafo, simjui, Mungu amlaze pema. Mimi nilikwenda kwa mchapishaji kutengeneza bango la miaka arobaini ya ndoa yangu. Yule mpumbavu akachukua picha yangu akaipachika kwenye msiba wa Boadu. Mabango yakatundikwa alfajiri. Hadi familia inagundua na kuyang'oa, mji mzima umeshaniona nimekufa!"

Ndiyo maana bango lilikuwa jipya. Lilikuwa takataka ya makosa.

"Unajua nimeishi vipi tangu siku hiyo?" Mzee alikuwa amepandisha hasira, mate yanaruka. "Kinyozi wangu kakimbia akaniacha nusu ndevu. Muuza samaki kanirushia samaki, kafunga meza. Angalau samaki nilimla. Kanisani nilipoingia, kwaya ikatorokea dirishani. Nimezunguka mji nakusanya mabango yangu yote. Lilibaki moja, nikaliona mgongoni mwa mtoto, begi limefunguka, nikaulizia fundi wa mabango hadi hapa."

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia.

Wakati huo Sumina alianza kutikisika chini ya meza. Meno yanagongana, macho yamegeuka juu.

Mzee akatupa begi. Akainama, akamgusa paji la uso, akaurudisha mkono haraka.

"Mtoto anawaka moto! Tangu lini?"

"Tangu jana usiku. Mama kasema asitoke, kasema sindano..."

"Wewe mwanamke! Unamwogopa mzee aliye hai, homa huiogopi?"

Hakuniomba ruhusa. Alimbeba mwanangu begani akatoka naye mbio. Nikamkimbilia peku. Kila tulipopita watu walikuwa wanatupisha njia. Nilisikia mwanamke anapiga yowe, "Jamani, anamchukua! Mfu anamchukua mtoto wa Dufie!" Nikakimbia zaidi. Hata wakati huo, moyoni, bado sehemu fulani ilikuwa inaamini hivyo. Nilikuwa namtazama mwanangu anavyoning'inia begani pale nikifikiri huenda ndiyo mara ya mwisho.

Zahanati ilikuwa imejaa. Foleni imetoka hadi uani.

Mzee akaingia, akasema, "Habari za asubuhi."

Wallahi, foleni ilipukutika. Waliokuwa wamelala kwenye mabenchi wakaamka. Bibi mmoja aliyeletwa amebebwa aliondoka kwa miguu yake. Ndani ya dakika moja mlango wa daktari ulikuwa wazi na sisi tuko mbele.

"Angalau uso wangu umefaa kitu," mzee akanung'unika.

Malaria. Ilikuwa imeshapanda kichwani. Wakamtundikia dripu, wakamchoma sindano. Ile sindano ilipoingia nilifumba macho nikasubiri. Nikafumbua. Mwanangu anapumua.

Daktari, dada mdogo mwenye miwani, alinivuta pembeni. "Mngemleta jioni, tungekuwa tunaongea habari nyingine."

Nikakaa sakafuni. Niliona ile supu ya karanga, sahani yake na kijiko chake.

Nesi akaja na kalamu. "Jina la mtoto?"

"Sumina."

"Na la babu aliyemleta?"

Mzee akakohoa. "Kwasi Sumina."

Niligeuka.

Alikuwa anatazama dirishani, kama mtu aliyekamatwa akiimba peke yake. "Usinikodolee macho. Kabla yako wewe walikuwepo wengine wenye akili hiyohiyo. Kwako walitangulia wangapi?"

"Wawili."

"Kwa mama yangu, wanne. Mimi nililazwa jalalani siku tatu mfululizo, nikashonewa shati la magunia. Shuleni walinicheka hadi nikapigana na nusu ya darasa. Leo nina miaka sabini na moja." Akajipapasa kipara. "Siku ile njiani mtoto aliponitajia jina lake, sikulala. Begi ningeweza kulisamehe. Nilitaka kumwona Sumina mwenzangu."

Nilishika mkono wake. Ulikuwa wa moto, mgumu, wenye sugu.

Jioni mama yangu alifika zahanati na mtu wake wa kijijini, begi la dawa kwapani. Walipomkuta marehemu amekaa kitandani anamlisha Sumina uji, mtu wa kijijini hakuaga. Alirudi kijijini kwa miguu, tumeambiwa.

Mama aliposimuliwa yote, alimsogelea mzee, akamzunguka, akamfinya shavu.

"Aah!" mzee akapiga kelele. "Mama, na wewe?"

"Nilikuwa nahakikisha," mama akasema, akakaa, akalia kimya kimya.

Sumina alipopona, nilimwita Nana Kwasi aje achukue uso wake. Nikampa mkasi na begi. Akalishika, akaliangalia, halafu akaurudisha mkasi mezani.

"Liache. Kifo kilikuja mjini na picha yangu mkononi, kikaondoka na mtu mwingine. Mimi nimeshafutwa kwenye daftari lake. Atembee na mimi."

Nilitaka kuugeuzia uso ule ndani kama kawaida. Mwanangu akakataa.

"Mgeuze nje, mama. Huko ndani haoni njia."

Nikaligeuza. Sasa kila asubuhi mwanangu anakwenda shule na babu yake mgongoni, anawatabasamia walio nyuma. Madereva wanapunguza mwendo wenyewe.

Ndugu zangu, sharti langu nimelibadilisha. Kila bango ninaloletewa, nasoma kwanza jina kabla ya kushika mkasi. Nilikaa usiku mzima nalinda mlango dhidi ya mzee wa watu, na kilichotaka kumuua mwanangu kilikuwa ndani nami, kinamtetemesha chini ya meza yangu.

Mtoto akiwaka moto, mpelekeni hospitali kwanza. Mizimu itasubiri kwenye foleni.