Kikohozi Kwenye Santuri

Nakumbuka siku ile niliyompelekea Bi Zuwena wimbo wa marehemu dada yake ndani ya simu. Nilikwenda nikitegemea dua na bakuli la halwa, nikarudi na swali moja tu kichwani.

Mwanangu, najua utacheka nikikuita mwanangu. Sina hata unywele mmoja mweupe, na wewe binti wa dada yangu umeshanipita kimo. Lakini unataka kuingia kwenye kazi yangu, kazi ya kupiga muziki kwenye harusi za wanawake, na umeniomba kontrola yangu. Nitakupa. Kwanza kaa, nikusimulie.

Kazi hii nilifunzwa na mjomba wetu, marehemu Mjomba Khalfani. Siku za kazi alikuwa akifanya kazi ghalani, Rusayl, huku huku Omani. Ijumaa baada ya chakula alifungua majlis, chumba cha wageni, akatandika kitambaa mezani na kuzipanga mashine zake mbili za santuri. Shule mimi sikufika mbali, lakini pale mezani nilikuwa mwanafunzi mzuri. Alinionyesha kuishika santuri kwa ukingo, na kuishusha sindano taratibu, kama unavyomlaza mtoto aliyekwisha kusinzia. Kisha unasikia ile sauti ndogo kabla wimbo haujaanza, chrr, chrr, kama mafuta ya vitumbua yanapoanza kupata moto. Mpaka leo nikiikumbuka nasikia na harufu ya udi wa mama.

Halafu zikaja kontrola. Kidude chepesi, unakitia begini, unakiunga na laptop, na nyimbo zote unazozitaka zimo. Kuna kitufe kinachozilinganisha nyimbo mbili mapigo, wewe unakunywa chai. Nilikipenda, na bado nakipenda, sikufichi. Nimekwenda nacho Seeb, Barka, mpaka Sohar, kumbi za wanawake peke yao, simu zimekusanywa mlangoni na mabuibui yametundikwa. Mashine za Mjomba zikalala juu ya kabati, zimefunikwa shuka.

Sasa Bi Zuwena. Ni jirani yetu hapa Mawaleh, na alikuwa na santuri moja tu maishani mwake. Ilirikodiwa Unguja kabla familia yao haijaja Omani, na kikundi cha wanawake wa mtaani kwao. Mwimbaji ni dada yake, Asila, aliyefariki angali kijana. Mjukuu wa Bi Zuwena amepewa jina hilo, na sasa alikuwa anaolewa. Bibi alitaka siku ya hina mjukuu amsikie huyo aliyemrithi jina, kwani mashine yao wenyewe iliharibika mtoto hajazaliwa.

"Nataka wakutane," aliniambia. "Asila na Asila."

Nikaichukua santuri kwa mikono miwili. Kijana mmoja wa Ruwi akanihamishia wimbo kwenye laptop, na mimi nikakaa kuusafisha. Nikafuta mikwaruzo. Karibu na mwisho palikuwa na mtu anakohoa, kikohozi kikubwa, juu ya sauti nzuri ya Asila. Nikakikata, nikaunga, husikii hata mshono. Nikajiona fundi.

Bi Zuwena aliiweka simu sikioni, akafumba macho mpaka wimbo ukaisha.

"Nzuri," akasema. "Imetakata kama imefuliwa. Lakini mimi niko wapi?"

"Wewe, bibi?"

"Mimi. Nilikuwa nyuma na waitikiaji, siku hiyo nna kifua. Nikakohoa. Mrikodi akataka turudie. Asila akamwambia, iache hivyo hivyo, huyo ni mdogo wangu. Tukawa kila tukiipiga, tukifika pale, ananifinya shavu." Akanirejeshea simu. "Sasa umenitoa. Dada yangu anaimba peke yake."

Hakukasirika. Alinimiminia kahawa na kunisogezea tende. Mwanangu, bora angenigombeza.

Siku ile ile nikaamua kuipiga santuri yenyewe, nikaziteremsha mashine za Mjomba juu ya kabati. Mashine moja ilikuwa imekufa kabisa, ya pili ikazunguka. Vidole vilikuwa vimesahau. Nilifanya mazoezi kwa santuri za Mjomba, maana ile ya Bi Zuwena ikichubuka hakuna nyingine. Kilichonishangaza ni macho. Kila mara yalikwenda kutafuta skrini, na skrini haipo. Nikabaki nacheka peke yangu kama mwenda wazimu.

Ikafika siku ya hina. Nikaiweka mashine kwenye meza ninayoweka kontrola siku zote, juu ya jukwaa la mbao, ubavuni mwa kosha anapokaa bibi harusi. Asila akatoka na nguo yake ya kijani, vigelegele, nikashusha sindano. Wanawake wakainuka kucheza na viatu vyao virefu. Jukwaa likatikisika na sindano ikaruka. Nikairudisha, ikaruka tena. Nikainyanyua, nikiogopa nimeshaichuna santuri.

"Shoga, weka ya laptop," binamu wa bibi harusi akanambia. "Watu wanataka kucheza, hawataki makumbusho."

Na kidole changu kilikuwa njiani, wallahi. Kontrola ipo hapo, wimbo safi umo, hauruki hata jengo lianguke. Nikamtazama Bi Zuwena kwenye kiti cha mbele. Alikuwa ameshaweka kiganja shavuni, anangoja.

Nikazima kontrola, nikachukua maikrofoni.

"Mabibi, mashine hii kizee, mkiruka inaumwa. Vueni viatu, tukae chini."

"Na magoti yangu je?" mama mmoja akauliza.

"Magoti nitayaombea dua, mama. Kaa tu."

Wakacheka, wakavua. Tukaiteremsha meza mpaka kwenye marumaru, pasipotikisika. Bibi harusi naye akaja kukaa chini, ameegemea miguu ya bibi yake. Nikashusha sindano.

Chrr, chrr. Kisha sauti ya Asila.

Hakucheza mtu. Walianza makofi, polepole, halafu wazee wakaupokea wimbo wakawa wanaitikia. Mimi sikuwa na skrini ya kutazama, kwa hivyo nikatazama nyuso. Miaka yote ile ya kazi, sikuwa nimewahi kuwaona watu wakisikiliza. Tulipokaribia mwisho nikamtazama Bi Zuwena. Kikaja kikohozi. Ukumbi mzima ukageuka kutafuta nani anaumwa.

"Ni mimi huyo," akasema Bi Zuwena, anacheka huku machozi yanamtoka.

Na Asila mjukuu, aliyekua akisimuliwa kisa hicho tangu mdogo, akanyoosha mkono akamfinya shavu. Alisahau kuwa vidole vina hina mbichi. Bi Zuwena akakataa kufutwa. Hina ikakolea, na siku zilizofuata alikuwa akipita mtaani na vidole viwili vya rangi shavuni, na kila anayeuliza anasimuliwa.

Basi, mwanangu, kontrola hii hapa, ichukue. Haina kosa lolote, na mgongo wako utaishukuru. Lakini kila Ijumaa njoo kwangu ushushe sindano, mpaka mkono uwe na subira. Ukiwa kazini, inua macho, harusi haimo kwenye skrini. Chunguza sakafu kabla hujatua meza yako. Na mtu akikukabidhi wimbo wake, usikate kitu humo, hata kiwe kibaya vipi masikioni mwako, mpaka umuulize ni nani huyo anayekohoa.

Mimi nna ndoto, usinicheke. Siku moja nataka ukumbi mzima wa wanawake, kila mmoja amekuja na santuri ya kwao kwapani, na wewe upande mmoja wa meza, mimi upande wa pili. Mungu akupe mikono myepesi na masikio yasiyochoka. Akujaalie wa kukuazima nyimbo zao bila hofu, na ukikosea mbele za watu, apatikane hapo mmoja wa kusema, muacheni hivyo hivyo, huyo ni wetu.