Sweta Juu ya Ukuta

Mama Mapendo wa Munigi anafuma sweta za watoto wachanga na za watu wanaopanda milima yenye baridi ya Masisi. Za wakubwa huzimaliza mara moja. Za wachanga hapana: kifungo cha juu hakishonwi na ncha za uzi huachwa zikining'inia mpaka mtoto azaliwe, alie. Wateja wake wanataka hivyo. Eti nguo iliyokamilika kabla ya mwenyewe kufika inamletea mkosi. Mimi jirani yake sijawahi kuona mkosi ukikagua vifungo, lakini nani aliniuliza?

Juzi Clarisse, mke wa Rodrigue, alikuja na mimba ya miezi minane, akaketi bila kukaribishwa.

"Mama Mapendo, maliza sweta yangu leo. Yote."

"Mutoto wangu, unajua desturi."

"Najua. Nimezika batoto babili, na sweta zao zilikuwa hapa kwako, bila kifungo. Nilibafunga mu kipande ya kitenge. Huyu, akiishi ao akikufa, atavaa nguo nzima."

Mapendo alitokwa na machozi, naye si mtu wa machozi. Kisha akachukua sindano. Kila ncha ya uzi aliipenyeza ndani ya mshono bila kupiga fundo, maana fundo humuumiza mtoto ubavuni. Akashona kifungo, akaifua kwa maji ya vuguvugu. Sweta haianikwi kwenye kamba, hurefuka. Basi akaitandaza juu ya ukuta wa mawe meusi, upande wa barabara, makusudi kabisa.

Donatille, mama mkwe wa Clarisse, aliiona. Akaja akifoka.

"Mapendo! Unataka kuua mujukuu wangu?"

"Na bale babili, mama, nani alibaua? Tulibangojea na nyuzi zinaning'inia. Tulipata nini?"

"Toa ile kitu pale!"

"Sitoi. Na mutu mwingine akisema, nitafuma ingine, niitandaze pembeni yake."

Nilitaka kupiga makofi. Donatille aliinyakua sweta, ingali na maji. Akaigeuza ndani nje akitafuta ncha za uzi, asione hata moja. Akakishika kile kifungo cha juu. Ni yeye aliyewaosha wale wawili kabla ya kuzikwa.

Akairudisha ukutani, akainyoosha mikono midogo ya sweta ilale sawa.

"Na kofia?" akauliza kwa ukali. "Utaacha mutoto wetu kichwa wazi?"